Bibi ananiita mwanangu, lakini pasi ya kusafiria ya binti wa kazi iko kwenye droo

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 31, mzaliwa wa Mbeya na Mmoraviani. Huu ni mwaka wangu wa pili Oman, katika mji wa Ibra, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Muscat. Kabla sijaondoka nyumbani kila mtu alikuwa na la kuniambia. Mchungaji aliniombea kama anayekwenda vitani. Mjomba alinionya nisithubutu kumtazama mwanamume usoni. Marafiki wakanitumia video za wasichana wanaolia. Nikapanda ndege roho mkononi.

Niliyoyakuta hayakufanana na hayo. Mwezi wa kwanza tu, mgonjwa mmoja wa kisukari, mama mtu mzima, alinisikia nikimwambia mwenzangu wa Kenya "pole". Akageuza shingo kitandani: "Wewe mtu wa wapi, mwanangu?" Kiswahili cha Unguja, laini kama maji. Nusura nilie pale pale wodini. Huyo ndiye ninayemwita Bibi.

Bibi alizaliwa Unguja. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ana miaka 13. Baba yake alitoka asubuhi, hakurudi. Yeye na mama yake walipita Mombasa, wakaishi Dubai, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi, nao wakaja. Anasema alifika hajui Kiarabu cha kununulia hata samaki. "Kule niliitwa Mwarabu, huku nikaitwa Mzanzibari." Mimi shuleni nilisoma Mapinduzi kama siku ya ukombozi, na babu yangu aliyewahi kuchuma karafuu kule alikuwa akiyasifu mpaka anakufa. Sikumwambia Bibi hilo. Nilishika mkono wake nikanyamaza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuishi hapa. Kikombe cha kahawa hupokelewa kwa mkono wa kulia, na ukishatosheka unakitikisa kidogo, maana usipokitikisa utamiminiwa mpaka usiku. Alinieleza kwa nini Waibadhi, Waislamu wa madhehebu ya huku, wanaswali mikono imeshuka ubavuni. Kila nikipata Jumatano ya mapumziko ananichukua kwenye soko la wanawake hapa Ibra, siku ambayo wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake, na huko hunitambulisha kwa wenzake: "Huyu mwanangu, kaja na ndege." Ijumaa moja kwa mwezi nakwenda kusali Ruwi, Muscat, kwenye makanisa yaliyojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na Sultan, na nikirudi Bibi huniuliza kama nimemwombea magoti yake. Nimejifunza kuheshimu utamaduni wa watu hawa, na wao wameniheshimu.

Sasa niseme kinachonikosesha usingizi.

Bibi ni mjane, anaishi kwa mwanawe mwenye mke na watoto watano. Wana binti wa kazi kutoka Singida, ana miaka 22. Ndiye anayetumiminia kahawa. Hukaa amesimama, birika mkono wa kushoto, akisubiri kikombe kitikiswe. Siku moja alipoinama nikaona vidole vyake. Ngozi imepasuka kwenye maungio mpaka nyama nyekundu inaonekana, kwa dawa za kusafishia anazotumia bila glavu. Wiki iliyofuata nikampelekea mafuta ya kupaka. Tulikuwa jikoni dakika kama kumi, ndipo akaniambia.

Ana miezi kumi hajapata siku ya mapumziko hata moja. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala saa sita usiku, wageni wakiwepo zaidi. Simu anapewa Ijumaa kwa nusu saa. Mshahara umechelewa miezi mitatu. Pasi yake iko kwenye droo ya bosi, imefungwa kwa ufunguo. Alipoomba kurudi nyumbani aliambiwa kwanza alipe pesa walizompa wakala. Hajapigwa wala hakuna aliyemgusa vibaya, nilimuuliza mara mbili. Chakula anapata. Lakini alisema, "Dada, wanatuona watumwa." Kisha: "Wewe una gari. Nipeleke ubalozini."

Nilimjibu nitaona. Ni wiki tatu sasa.

Naogopa, Mama. Mimi mwenyewe kibali changu kinategemea mwajiri. Nasikia ukimsaidia mfanyakazi aliyetoroka nawe una kosa. Na Bibi? Amenipa nyumba katika nchi ya watu. Nikifungua mdomo nitakuwa mtu mwingine wa bara anayekuja kumhukumu Mwarabu nyumbani kwake. Wenzangu wananiambia nikae kimya, labda ndio utamaduni wao, mgeni haingilii utamaduni wa watu. Lakini kila nikitikisa kikombe sasa naona vile vidole.

Nifanye nini?

Mwanao, ughaibuni

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa na hasira, ya pili nikiwa na huruma, ya tatu ndipo nikaweza kuchukua kalamu. Nikikuelewa vizuri, ndani ya nyumba moja una watu wawili. Mmoja amekufungulia mlango ulipokuwa huna mtu, mwingine anakuomba umfungulie wewe. Unahisi ukimshika huyu, yule anaanguka. Katikati yao kuna wewe, mwenye mkataba na kibali chako, na pengine kuna watu Mbeya wanaoingoja pesa yako kila mwisho wa mwezi. Hofu yako si ya kuonea haya. Wiki tatu za kunyamaza hazikufanyi mtu mbaya, ingawa naona kwamba wewe mwenyewe umeshaanza kujihukumu.

Niruhusu nianze na neno moja uliloliandika mara tatu: utamaduni.

Kikombe kinachotikiswa ni utamaduni. Soko la Jumatano ni utamaduni, na swala ya mikono iliyoshuka ni madhehebu yenye zaidi ya miaka elfu moja. Hayo umeyapokea kwa adabu, na nimefurahi kusoma jinsi ulivyoyapokea. Pasi iliyofungiwa kwenye droo sijui kwa nini tuiweke kapu hilo. Serikali ya Oman yenyewe ilitoa waraka mwaka 2006 kukataza waajiri kushika pasi za wafanyakazi. Tatizo la waraka ule ni kwamba haukuweka adhabu, basi watu wengi wakaendelea kama zamani. Na mimi ni Muislamu wa Tanga, nimelelewa kwa hadithi ya Mtume inayosema mpe mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hadithi hiyo wanaijua Ibra kama tunavyoijua Tanga. Kwa hiyo ukiuliza mshahara wa miezi mitatu uko wapi, hujaugusa utamaduni wa mtu wala dini yake.

Mzizi uko kwenye fedha na hofu. Kwa utaratibu wa kafala, kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Familia inatoa pesa nyingi kwa wakala ili binti afike, na tangu siku hiyo wanaishi na wasiwasi kwamba akiondoka pesa imepotea. Droo inafungwa kwa wasiwasi huo. Kwa miaka mingi pia wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya sheria ya kazi ya nchi. Walitolewa kanuni zao wenyewe mwaka 2004, dhaifu kuliko sheria yenyewe. Mwaka 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na mengi aliyokusimulia binti yamo mle karibu neno kwa neno. Nakueleza haya uone kwamba watu wasio makatili wanaweza kumfanyia mtu jambo baya huku wakijiona wanajilinda tu. Maumivu ya binti hayapungui kwa hilo, ila litakusaidia ukifika wakati wa kuzungumza nao.

Nina la kukiri pia. Nyumbani kwetu Tanga tulikuwa na msichana wa kazi aliyetoka milimani Lushoto. Mshahara wake mama yangu alikuwa akimwekea kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, "asije akaupoteza". Alilala jikoni, juu ya mkeka. Nilimpenda, alinisuka nywele kila Jumapili, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kama ana hamu ya kwenda kwao. Mama yangu alikuwa mcha Mungu na hakumpiga mtu maishani mwake. Kopo lile nimelikumbuka nilipofika kwenye droo yako. Usishangae ukiambiwa neno hilo hilo: "tunamtunzia".

Sasa Bibi. Umeandika kwamba ukisema utakuwa mtu wa bara anayemhukumu Mwarabu. Hayo ni maneno ya Bibi, au ni yako? Katika barua nzima sijaona mahali alipokutazama hivyo. Naona mwanamke aliyekusimulia siku baba yake alipotoka asubuhi, akamsimulia binti wa bara, akajua anamwambia nani. Labda wewe ndiye unayeubeba mwaka 1964 mezani kwake kila mnapokunywa kahawa, kwa sababu ya yale uliyosoma shuleni na yale aliyokuwa akisema babu. Na binti naye akisema "watumwa" amebeba historia yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Oman utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970 tu, Bibi akiwa msichana mkubwa. Haya yote ni ya kweli na yote yanauma, na huna jukumu la kuyapatanisha jikoni. Yaliyo mbele yako ni ya leo: mshahara wa miezi mitatu, siku ya mapumziko, simu na pasi.

Swali lingine kuhusu Bibi. Je, unajua anajua nini? Anaishi mle. Ameona binti anaamka saa ngapi. Inawezekana anaumia na hana sauti, maana mjane anayekaa kwa mwanawe, hata akiheshimiwa vipi, wakati mwingine hana usemi juu ya droo ya mwanawe. Inawezekana pia amezoea mpaka haoni, kama mimi nilivyozoea kopo. Na inawezekana anaona na anakubali. Hilo la mwisho ndilo unaloliogopa zaidi, nadhani, kwa sababu likiwa kweli utampoteza hata kama hamjagombana. Sitakwambia haliwezekani.

Kuna mtu mmoja ambaye hatujamuuliza vya kutosha. Binti mwenyewe. Amesema "nipeleke ubalozini", na unamsikia mtu aliyechoka saa hiyo, jikoni, ana dakika kumi. Lakini anataka kurudi Singida kabisa? Au anataka kulipwa, apate Ijumaa yake na simu yake, amalize mkataba? Au abadilishiwe nyumba? Je, nyumbani kuna deni lililomleta? Kila jibu lina njia yake. Naomba usichague njia kabla hujamsikia kwa utulivu, maana wewe ukikosea utapoteza rafiki au kazi, yeye akikosewa anaweza kujikuta amerudishwa ofisini kwa wakala usiku huo huo na kupelekwa nyumba nyingine asiyoijua.

Tuseme anataka kuondoka. Ile ya kumpakia garini usiku mkaelekea Muscat, najua imekupitia kichwani. Hatari yake ni kwamba mwajiri anaweza kuripoti kuwa ametoroka, na tangu hapo yeye ndiye anayetafutwa, madai yake ya mshahara yanakuwa magumu, na wewe unaweza kuulizwa maswali kwa kumsafirisha au kumhifadhi. Hilo la kisheria usilichukulie kama maneno ya mtaani. Wapo waliotoka hivyo wakafika salama, siwezi kukana, lakini wapo pia waliokaa wiki nyingi wakisubiri karatasi.

Kabla ya gari kuna simu. Ubalozi wa Tanzania uko Muscat, na wewe unaweza kupiga kutoka chumbani kwako bila kutaja jina la mtu, ukauliza tu: mtu aliye katika hali hii anatakiwa awe na nini, mnaongea na mwajiri au mnapitia wizara ya kazi ya huku, nani anamchukua, nauli ni ya nani. Watakuuliza jina kamili kama lilivyo kwenye pasi, jina la kafili, jina la wakala wa kule na wa huku, tarehe aliyofika, na mkataba kama upo. Haya binti anaweza kukupa kidogo kidogo, au ndugu zake wakakutumia kutoka nyumbani. Kama aliondoka kwa njia halali, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA, wanapaswa kuwa na kumbukumbu zake, na ndugu zake wakiwabana wao na wakala aliyempeleka, wakati mwingine mambo husogea bila mtu wa Ibra kujua yalianzia wapi. Kama alipitishwa njia za panya, na wengi hupitishwa, ubalozi unabaki kuwa wake vilevile. Njia hii ni ya polepole. Simu nyingine hazitapokelewa. Lakini haimweki yeye barabarani usiku.

Njia ya Bibi ni ya namna nyingine, na naona ndiyo inayokutia hofu na ndiyo unayoitamani. Ina uzuri wake: mambo mengi ya nyumba za Kiarabu, kama za kwetu, huisha kwa neno la mama kabla hayajafika kwa mtu wa nje. Ina ubaya wake: ukitaja yote aliyokuambia binti, watajua amesema, na simu ya Ijumaa inaweza kuwa ya kwanza kukatwa. Ukiamua kwenda njia hiyo, binti awe amekuruhusu, na aamue mwenyewe lipi litajwe. Unaweza kuanza na ulichokiona kwa macho yako, kwa kuwa hicho hakimtaji mtu. Wewe ni muuguzi. "Bibi, mikono ya yule binti imenitia wasiwasi, ile ngozi ikiingia vijidudu itakuwa kazi. Anahitaji glavu, na apumzike maji siku moja kwa wiki." Hapo umesema vidole na umesema siku ya mapumziko, na hujamshitaki mtu. Kisha nyamaza umsikilize atajibu nini. Jibu lake litakuambia mengi kuliko nitakayokuambia mimi nikiwa huku Tanga. Kama atasema "hata mimi nimeona", umepata wa kusema naye juu ya mshahara. Kama atabadilisha mazungumzo, nalo ni jibu, na usimlazimishe siku hiyo.

Kukaa kimya nako ni njia, nisijifanye sikuiona. Wapo watakaokuambia hukumleta wewe na hutamrudisha wewe, na una kibali chako cha kulinda. Sitakulaumu ukiichagua. Nakuuliza tu kama utaweza kuendelea kupokea kahawa mkononi mwake. Na ukiichagua, basi mwambie binti waziwazi kwamba huwezi, ili asiendelee kusubiri gari lisilokuja. "Nitaona" yako ya wiki tatu zilizopita yeye anaihesabu kwa Ijumaa.

Kitu kimoja sitakiacha kiwe cha kuchagua. Akikuambia amepigwa, ameshikwa kwa nguvu, amefungiwa ndani au amenyimwa chakula, hayo yote ya kupima maneno yanakoma. Namba ya dharura ya polisi wa Oman ni 9999, na tangu 2008 nchi hiyo ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Mwandikie namba hiyo mahali atakapoikumbuka, hata kama hana simu leo.

Na wewe, mwanangu, una nani huko wa kuongea naye? Mwenzako wa Kenya, yule wa "pole", anajua? Kule Ruwi unakosali Ijumaa bila shaka wapo waliokaa Oman miaka kumi na zaidi, nao watakuwa wameshapita njia kama hii. Usiwatajie nyumba wala mji. Waulize tu waliyoyaona, nani wa ubalozini anapokea simu, nani hapokei.

Umesema mlikuwa jikoni dakika kumi. Tafuta dakika kumi nyingine. Mpelekee glavu, zile ndefu zinazofika kwenye kiwiko, na wakati anazijaribu muulize lile swali: "Ukiamka kesho mambo yamekaa sawa, utakuwa wapi?" Alichokujibu niandikie, hata kama ni mistari miwili.